Jeraha na Kinga

Katika lugha yetu ya Kiswahili jambo hili lilipewa jina kutokana na kisu. Chanjo hutokana na kuchanja, na kuchanja ni kukata ngozi mikato midogo midogo, kazi ileile aliyoifanya mganga wa kale alipotia dawa katika chale za mgonjwa wake. Basi kila tutamkapo neno hilo, pasipo kukusudia wala kufikiri, tunataja jeraha kwanza na manufaa baadaye. Wenyeji wa Rwanda, ambao lugha yao na yetu ni ndugu wa tumbo moja, walishika njia nyingine. Wao huliita urukingo, na mwenye sikio la Kiswahili hahitaji mkalimani ili alisikie humo neno lake mwenyewe, yaani kinga. Gukinga kwao ni kufunga mlango, na gukingira ni kumweka mtu nyuma ya kitu kisichopenywa na hatari. Mimi niishiye Biryogo hapa Kigali, mahali ambapo lugha hizo mbili hupokezana katika sentensi moja kama birika la chai lipitavyo mkono kwa mkono, nimekaa na maneno hayo kwa miaka mingi nisiyatie maanani, mpaka siku ile shangazi yangu aliponionyesha karatasi iliyotoka shuleni kwa mjukuu wake.

Karatasi hiyo ilikuwa imekunjwa mara nne na kutiwa chini ya kitambaa cha kabati la vyombo, na yeyote aijuaye nyumba ya shangazi ajua kwamba kilichotiwa chini ya kitambaa kile hakikukataliwa wala hakikukubaliwa, kimeahirishwa. Iliarifu kwamba wasichana waliofikia umri wa miaka 12 wangepatiwa kinga ya virusi viletavyo saratani ya mlango wa kizazi. Nilimwamkia, nikaketi, nikapewa chai ya maziwa yenye tangawizi, kisha nikafanya kosa ambalo nadhani wengi wa wasomaji wangu wamekwisha kulifanya katika nyumba za jamaa zao: nikaanza kuhutubu. Nilimweleza kwamba virusi hivyo huambukizwa kwa kujamiiana, kwamba aghalabu mwili huvishinda wenyewe, lakini vikidumu huweza kuchukua miaka mingi vikiigeuza nyama ya mlango wa kizazi kidogo kidogo hata ikawa saratani. Kwamba chanjo hutengenezwa kwa mfano wa ganda tu la virusi, pasipo kile kiini chake kiwezacho kuzaana, na kwa hiyo haiwezi kumwambukiza mtu. Na kwamba hutolewa mapema kwa sababu kinga hufaa kabla adui hajaingia. Shangazi alinisikiliza pasipo kunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza alisema, "Yego, mwanangu," akaniongezea chai. Karatasi ilibaki chini ya kitambaa.

Mgeni katika mji huu huchukua muda kulielewa neno yego. Kamusi itamwambia kwamba maana yake ni ndiyo, na kamusi haikusema uongo. Lakini ipo yego ya kukubali, na ipo yego ya kustahi, ambayo humwarifu msemaji kwamba maneno yake yamefika na kwamba msikilizaji hana nia ya kumvunjia heshima mbele ya watu. Ndiyo maana kusita mbele ya chanjo hapa Kigali hakufanani na kule kwingine tunakosoma habari zake, ambako watu hushika mabango barabarani na kupaaza sauti mahakamani. Kwetu shaka huishi ndani, katika sebule, katika faragha ya shangazi na mpwa, katika kimya cha rafiki ambaye ghafla amekumbuka kuwa ana shughuli. Na kwa kuwa haina sauti, ni rahisi mno kudhani haipo.

Kudhani hivyo kunasaidiwa na tarakimu, kwa maana tarakimu za nchi hii katika mambo ya chanjo ni njema kuliko za nchi nyingi zilizo tajiri. Mwaka 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoiacha nchi haina waganga, haina zahanati wala barafu ya kutunzia dawa, watoto waliokuwa wamekamilisha chanjo za surua na polio hawakufika mmoja kati ya wanne. Miaka 17 baadaye, mwezi Aprili 2011, Rwanda ilikuwa nchi ya kwanza barani Afrika kuwachanja wasichana wa taifa zima dhidi ya saratani hiyo ya mlango wa kizazi. Zaidi ya wasichana 93,000 wa darasa la sita walipata dozi ya kwanza, na waliomaliza dozi zote 3 mwaka ule walikuwa asilimia 93.23. Naliandika pasipo haya kwamba najivunia. Lakini tarakimu huhesabu mikono iliyotolewa. Moyo wa mwenye mkono, kama ulikuja naye au aliuacha nyumbani, hauna safu yake katika daftari la muuguzi.

Yafaa tuseme kwa insafu jinsi kazi ile ya 2011 ilivyofanywa, kwa kuwa mengi ya kutufaa katika nyumba zetu yamo humo. Uvumi ulikuwapo tangu siku ya kwanza, ukiwamo ule wa kwamba sindano ile itawafunga wasichana uzazi. Wizara ya Afya haikungoja uvumi uote mizizi ndipo iukanushe. Kabla ya chanjo ilikwenda kwa walimu, kwa viongozi wa dini, kwa wakuu wa vijiji, na zaidi ya wote kwa wale wajumbe wa afya wa vijijini, abajyanama b'ubuzima, ambao huchaguliwa na majirani zao wenyewe na ambao idadi yao nchini hufika makumi ya maelfu. Msichana asiyeonekana shuleni siku ya chanjo alitafutwa kwao, na aliyekwenda kumtafuta alikuwa mtu anayemjua mama yake kwa jina, aliyepata kuazima chumvi mlangoni pale. Mimi naamini, na msomaji ana ruhusa ya kunipinga, kwamba mapatano yaliyofanywa kizingitini na jirani wa namna hiyo yalifanya kazi kubwa kuliko tangazo lolote la redio.

Tena uvumi ule wa uzazi usichekwe. Katika nchi ambayo koo nzima ziliangamizwa, ambako wako watu wa makamo wasiokuwa na ndugu, wala binamu, wala mtu wa kuwaamkia, habari kwamba kuna sindano ikatayo kizazi si upuuzi wa wajinga; ni kidole kilichogusa kidonda kibichi. Wala haikuzuka Rwanda peke yake. Mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini Kenya walitangaza hadharani shaka ya namna hiyohiyo juu ya chanjo ya pepopunda waliyokuwa wakipewa wanawake, na mzozo wao na serikali ukaenda mbali. Hofu ya kukatiwa kizazi ndiyo hofu kongwe ya wanyonge mbele ya wenye nguvu, na kila inapozuka yafaa tuulize imezaliwa na nini kabla ya kuuliza imesambazwa na nani.

Kuna jibu moja la swali hilo ambalo halipendezi. Mwaka 1906 Robert Koch, tabibu Mjerumani aliyekuwa amepata tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia, alifika katika Visiwa vya Ssese, katika Ziwa Viktoria upande wa Uganda, kutafuta dawa ya malale. Alitumia atoksili, dawa iliyotengenezwa kwa aseniki, nayo aseniki ni sumu. Alipoona maradhi yanarudi akazidisha vipimo, na baadhi ya wagonjwa wake wakapofuka macho wasione tena. Koch alimaliza kazi yake huko mwaka 1907, mwaka uleule ambao tabibu mwingine Mjerumani, Richard Kandt, aliuasisi mji huu wa Kigali, na nyumba inayobeba jina lake, ambayo leo ni makumbusho, haiko mbali na hapa niandikapo. Silitaji hili ili nilinganishe atoksili ya jana na chanjo ya leo, ambayo hupimwa kwa maelfu ya watu kabla ya kupita mlangoni kwetu. Nalitaja kwa sababu mtu akikwambia kwamba wazungu waliwahi kujaribia dawa zao juu yetu, nawe ukamjibu kuwa hayo ni maneno ya mtaani, umesema uongo, naye akijua kuwa umesema uongo hatakuamini katika la pili.

Shangazi, kwa mfano, alikuwa na swali ambalo nililidharau mwanzoni. "Kitu cha bure hakikosi mwenyewe," alisema. "Nani analipa?" Ukweli ni kwamba dozi za miaka mitatu ya kwanza zilikuwa zawadi ya kampuni ya Merck ya Marekani iliyozitengeneza, na kwamba mwaka uleule wa 2011 wataalamu kadhaa wa Ulaya waliandika katika jarida la Lancet wakitia shaka kama mpango ule ulitanguliza maslahi ya wananchi, wakidokeza kwamba yako maradhi mengine yaliyostahili kushughulikiwa kwanza. Agnes Binagwaho, aliyekuwa waziri wa afya, na wenzake wakawajibu kwamba chanjo za maradhi hayo zilikwisha kuwafikia karibu watoto wote wa Rwanda, na kwamba mwanamke wa Kiafrika hana sababu ya kungoja miaka mingi apate kile ambacho mwenzake wa Ulaya amekwisha kukipata. Kwa hiyo mwanamke wa Biryogo asiyepita darasa la nne aliuliza swali la maprofesa, na mpwa wake msomi akaliona la kijinga kwa kuwa liliulizwa kwa Kiswahili cha jikoni.

Hapa nataka nimlete mtu ambaye kila anapozungumzwa hunifanya nitabasamu na kuhuzunika kwa pamoja. Ali Maow Maalin alikuwa mpishi katika hospitali ya Merca, mji wa pwani ya Somalia, si mbali na Barawa ambako wako watu wasemao Kiswahili chao cha Chimiini. Ndui, maradhi yaliyoua watu pasipo idadi tangu enzi za Mafirauni, ilikuwa imebaki katika pembe ile tu ya dunia, na wachanjaji walikuwa wakiifukuza kijiji kwa kijiji. Mpishi yule alifanya kazi miongoni mwao, na hakuchanjwa. Hakuwa na itikadi yoyote wala hakusikia uvumi wowote. Aliwatazama waliochanjwa, akaona kwamba inauma, akaogopa, na kwa maelezo yake mwenyewe ya baadaye, alijishika mkono mbele ya wachanjaji kama mtu aliyekwisha kuchomwa. Mwezi Oktoba 1977 alipanda gari dakika chache kuwaonyesha njia wagonjwa wawili wa ndui waliokuwa wakipelekwa kutengwa. Akaambukizwa, akapona, na akawa mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida. Dunia ilitangazwa kuwa salama na maradhi hayo mwaka 1980.

Lakini kisa chake hakikukomea hapo. Polio ilipoendelea kuwalemaza watoto wa Somalia, Maalin alijitia katika kazi ya kuichanja nchi yake, akipita nyumba kwa nyumba; na alipokutana na mzazi mwenye kusita hakumsomea tarakimu, bali alimsimulia habari zake: mimi niliogopa, na haya ndiyo yaliyonipata. Alifariki Julai 2013 kwa malaria, akiwa katika kampeni ya polio. Jambo ninalolichukua kwake ni kwamba hakuna mtu aliyekuwa na haki zaidi ya kuwasuta waoga, wala hakuna aliyewasuta kidogo kuliko yeye. Alijua kutoka katika ngozi yake mwenyewe kwamba kusita aghalabu si fikra. Ni mwili ukijivuta nyuma, kisha akili ikatumwa kwenda kutafuta sababu.

Wala si kila kusita ni ujinga au woga, na anayechanganya mwenye kuuliza na mwenye kukataa atawapoteza wote wawili. Tarehe 27 Septemba 2024 serikali ilitangaza kwamba maradhi ya Marburg yameingia nchini. Kabla hayajatangazwa kwisha, tarehe 20 Desemba, yaliwashika watu 66 na kuwaua 15, na wengi wa walioshikwa walikuwa waganga na wauguzi walioyachukua vitandani kwa wagonjwa wao. Siku chache tu baada ya tangazo, tarehe 5 Oktoba, zilishuka Kigali dozi 700 za chanjo ya majaribio kutoka taasisi ya Marekani iitwayo kwa jina la Albert Sabin, yule mwanachuoni wa matone ya polio. Na kwa sadfa iliyotuchekesha kidogo katika siku zisizokuwa na kicheko, waziri wetu wa afya naye aitwa Sabin, Sabin Nsanzimana. Kesho yake wauguzi wakaanza kuchanjwa.

Rafiki yangu mmoja ni muuguzi, na usiku wa kuamkia kuchanjwa kwake alinipigia simu. Amewachanja watoto wa watu kwa miaka mingi wala hana subira na mzazi mwenye visingizio. Lakini hii ilikuwa chanjo ambayo bado haijathibitishwa, na karatasi ya idhini aliyopewa ilisema hivyo kwa maneno yaliyo wazi. "Mimi ndiye ninayewaambia wengine wasiogope," akaniambia, "na sasa naogopa." Sikumwambia kitu cha maana, kwa kuwa sikuwa nacho. Aliisoma karatasi mara mbili, akauliza maswali, asubuhi akatoa mkono. Alikuwa na haki ya kusita, na lau angekataa angekuwa na haki ya kukataa, maana hiyo ndiyo maana ya majaribio. Na hata leo mtu mkweli hawezi kusema kwamba uchache wa vifo vya Kigali uliletwa na chanjo ile, kwani wagonjwa walipata pia matabibu hodari, dawa na vyumba vya uangalizi. Nasema hivi ili tuzoee kulitenga lile tulijualo kwa yakini na lile tulitumainialo. Chanjo ya surua tunaijua kwa yakini, baada ya mamilioni ya watoto na miongo ya miaka. Na tukizungumza juu ya zote kwa sauti moja ya uhakika, siku ile moja itakapotuangusha zote zitaanguka nayo.

Wakati wa korona ndipo nilipoona jinsi shaka isafirivyo. Familia za Kiswahili za mji huu zina jamaa Bujumbura, Bukoba, Kigoma, Goma na Dar es Salaam, na kundi la ukoo katika WhatsApp halina mpaka wala afisa wa uhamiaji. Mwezi Januari 2021, Rais John Magufuli wa Tanzania alisema akiwa Chato kwamba chanjo za wageni hazifai, na kabla jua halijatua sauti yake ilikuwa imeingia katika simu ya kila mtu niliyemjua, ikisindikizwa na mapishi ya tangawizi na ndimu. Mwezi Machi Rwanda ilipokea dozi zake za kwanza za mpango wa COVAX, na Rais Kagame na mkewe wakachanjwa. Tarehe 28 Julai mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan, aliyemrithi Magufuli, naye alichanjwa mbele ya kamera. Watu wa serikali walidhani kwamba kwa kuwa uongozi umegeuka, wafuasi watageuka siku hiyohiyo. Lakini binamu yangu wa Kigoma, aliyekuwa amewaonya watu 40 wa ukoo wetu kwa maandishi, angegeukaje mbele ya hao 40? Hakukosa ushahidi. Alikosa mlango wa kutokea pasipo kuaibika.

Tangu hapo nimejiwekea sharti la kutobishana na mtu juu ya chanjo mbele ya hadhara, hata hadhara hiyo ikiwa ya simu tu. Mwenye kutuma uvumi katika kundi la ukoo nampigia simu peke yake, namwuliza hali ya watoto, kisha namwuliza kilichomtia wasiwasi. Binamu yule alichanjwa mwezi Novemba, hakumwambia mtu, nami sikumwambia mtu.

Iko njia nyingine, ya amri, nayo tumeiona. Mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2022, asiyekuwa na cheti cha chanjo alizuiwa kupanda basi la abiria na kuingia katika mikahawa na kumbi za Kigali, na Rwanda ikawa miongoni mwa nchi chache za Afrika zilizofikia asilimia 70 ya watu wake. Sitaki kuidharau kazi hiyo. Wako wazee walio hai leo kwa sababu yake. Lakini katika mwezi wa Januari 2022 zilienea habari za Wanyarwanda wapatao mia moja waliovuka Ziwa Kivu kwa mitumbwi hadi kisiwa cha Idjwi, upande wa Kongo, wakiikimbia sindano. Nimewafikiria mara nyingi watu wale: mtu achukuaye watoto na mzigo akauendea ugeni na njaa ili asidungwe, hakuna tangazo litakalomrudisha, wala basi atakalonyimwa. Amri humpata yule aliyekuwa akiahirisha tu. Aliyekuwa akiogopa kwa dhati humfukuza zaidi, au humfanya atoe mkono mara moja na kuapa moyoni kwamba hatatoa tena. Na chanjo, kwa bahati mbaya, ni jambo la kurudiarudia, maana mtoto huchanjwa akiwa wa siku moja, wa wiki 6, wa wiki 10, wa wiki 14, wa miezi 9, wa miezi 15, na kila mara huwa ni mzazi yuleyule anayembeba.

Ndiyo sababu jamaa na marafiki, ambao hawana amri, wana kazi ambayo serikali haiiwezi. Kazi yenyewe huanza na kuuliza, kisha kungoja jibu la pili, kwa kuwa jibu la kwanza huwa ni lile lililotoka katika simu. Huhitaji pia kukiri yaliyo ya kweli: kwamba mkono utauma, kwamba mtoto huweza kupata homa usiku na kuamkia akilia, kwamba chanjo ya AstraZeneca iligunduliwa kuwa na madhara ya kugandisha damu kwa watu wachache mno, na kwamba walioligundua hilo ni madaktari wenyewe. Na pale ambapo pana kichanga asiyetimiza miezi 9, ambaye kwa kawaida hapewi bado chanjo ya surua, nadhani yafaa mtu aseme waziwazi kwamba mgonjwa mmoja wa surua huweza kuwaambukiza watu 12 hata 18 wasio na kinga, na kwamba kichanga yule hana ngao kubwa ila miili ya wanaomzunguka. Hilo si jambo la kulizungukazunguka kwa adabu.

Nilirudi kwa shangazi baada ya wiki tatu, siku ya chanjo shuleni ikiwa imekwisha kupita na mjukuu akiwa amezuiwa nyumbani kwa kisingizio cha mafua. Sikubeba maneno. Nilimwuliza tu sindano yake ya mwisho ilikuwaje. Alikaa kimya muda mrefu, akikunja upindo wa khanga yake, kisha akanieleza jambo ambalo katika miaka yote niliyomjua hakulisema: kwamba alipomzaa baba yake binti huyu, katika zahanati moja ambayo hana haja ya kuitaja nami sina haja ya kuitafuta, alichomwa sindano asiambiwe ni ya nini; na kwamba baada ya mtoto yule hakupata mwingine. Pengine sindano ile haikuhusika kabisa. Mimi sijui, wala yeye hajui, wala aliyemchoma hayuko tena wa kuulizwa. Alichokuwa akikikataa si sayansi yangu wala kampuni ya Marekani. Alikataa kwamba mtoto wa mwanawe adungwe kitu ambacho hakuna mtu amemtajia jina lake.

Sikumjibu. Aliyemjibu ni jirani, mjumbe wa afya wa umudugudu wetu, yaani mtaa wetu, ambaye pia ni mwenzake katika ikimina, kile chama chao cha kuwekeana akiba kila juma. Naye hakumwambia kwamba chanjo ni salama. Alimwambia, "Twende wote kituoni, mama. Utaonyeshwa chupa kabla hajachomwa."

Basi tulikwenda sisi wanne, Jumatano asubuhi, tukakaa katika benchi miongoni mwa akina mama waliobeba watoto mgongoni. Muuguzi alikuwa kijana, na kwa bahati njema hakuona ajabu kuombwa kichupa. Alikitoa katika sanduku la baridi na kumkabidhi shangazi kwa mikono miwili, kama inavyompasa mtu akimpa mzee kitu. Shangazi alikiinua kwenye mwanga wa dirisha. Miwani yake ilikuwa nyumbani, na maandishi yalikuwa madogo kama mchanga. Akanipa mimi. Nikamsomea jina la chanjo, nikamsomea inakinga nini, nikamsomea mwezi na mwaka wa mwisho wa kutumika, watu wote wa benchi wakisikiliza.

"Soma tena," akasema.